Nondo Wawili Katika Joho la Babu

Juzi nilifungua kabati la binti yangu, nondo mdogo wa rangi ya dhahabu akaruka, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Mji wa Kale, siku ya arusi ya kaka yangu Athumani.

Nyanya alifungua kasha kutoa joho la sufu la marehemu babu, ili bwana arusi alivae. Chumba kikajaa harufu ya udi na karafuu. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele na kucheka. Katika mikunjo ya joho wakatoka nondo wawili: mmoja wa dhahabu tupu, mwenziwe wa kijivu, mwenye madoa meusi mbawani.

"Nyanya, usiwaue!" nikalia. "Ni mke na mume, wamekuja arusini."

Nyanya akacheka, akawafungulia dirisha. Leo najua walikuwa aina mbili tofauti, ndugu wa karibu tu. Viwavi wa yule wa madoa hutembea wamejifunika vifuko. Wa yule wa dhahabu hutanda nyuzi. Wenye mbawa hawali kitu. Watoto wao ndio walioitoboa sufu ile, wakaacha tundu la kuingia ngumi kwapani.

Nyanya alipoliona, alikaa kitako. Hapakuwa na muda wala joho jingine. Kisha akamwita kaka.

"Mwanangu, livae, lakini mkono huu usiuinue."

Jioni ile Athumani aliwapa wageni wote mkono huku kiwiko kimebana ubavuni na kichwa kimeinama, na watu wakasema hawajapata kuona bwana arusi mwenye haya kama yule.