Mtani Niliyemzika Mara Mbili

Mnaniuliza kila mara kwa nini daktari anayependa mpira kama mimi hukaa pembeni na mkoba wake wa dawa hata timu ikiwa pungufu, nami hujibu kwamba magoti yamechoka. Uongo mtupu. Ninachoficha ni aibu, na leo naitoa, mnicheke mkitaka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nimetoka chuo cha udaktari nikarudi kwetu Tabora, najiona kweli kweli (wauguzi walinivumilia tu). Jumamosi moja asubuhi tulilima shamba la ushirika, watu wa hospitali na watu wa reli pamoja, jioni tukashuka uwanja wa Ng'ambo kucheza mechi ya kirafiki, sisi dhidi ya reli. Mimi nilipangiwa kuwa daktari wa mchezo, basi. Lakini winga wetu hakutokea, nikasema moyoni, nacheza dakika ishirini tu, nani atahitaji daktari? Nikaweka mkoba chini, nikavaa jezi.

Golikipa wa reli alikuwa Mwinshehe, fundi wa mabehewa, Mzaramo, nami Mnyamwezi, kwa hiyo watani tangu babu zetu walipobeba mizigo ya misafara hadi pwani; hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana. Dakika za mwisho, zile ishirini zangu zimepita zamani nami bado nimo, bao moja kwa moja, ikaja kona, nikaruka, naye akaruka, goti langu likamwingia ubavuni kushoto. Akadaka mpira, akalala nao.

"Mtani, nakufa."

"Kufa upesi basi, tukuzike kabla jua halijazama!"

Watazamaji wakaangua kicheko, na kicheko cha watu ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Nilijua anapoteza muda (makipa wote hupoteza muda, na Wazaramo, nilitangaza kwa sauti, hulala hata kwenye mechi). Nikavua jezi nikamfunika usoni kama sanda, nikalia kilio cha mjane, nikaita wachezaji wanne tukambeba begani na kumzungusha uwanja mzima, kina mama wakipiga vigelegele, refa akicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Chini ya ile jezi alijibu mara moja, "Mnyamwezi, na wewe nitakuzika," tukacheka zaidi. Nilipomchokoza tena hakujibu.

Mzaramo asiyejibu utani! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni daktari. Nikafunua jezi: midomo myeupe, jasho baridi, tumbo gumu. Tukakimbia naye mabegani hadi hospitali, mimi kifua wazi, na watu wa madukani Kanyenye wakitupigia makofi wakidhani mzaha unaendelea.

Nilimpasua mwenyewe, hakukuwa na mwingine. Bandama yake ilikuwa imevimba kwa malaria ya miaka mingi, na goti langu lilikuwa limeipasua. Wachezaji wa timu zote mbili walijipanga kutoa damu. Haikutosha, akatufia mezani. Kama ningemwekea kiganja tumboni pale pale golini ningejua, na labda angepona. Sina hakika, na kukosa hakika huko kunaniuma hadi leo.

Kesho yake msibani nilijificha nyuma ya waombolezaji. Mjane wake, Mwanahawa, akaniona, akaniita mbele za watu.

"Shemeji mtani, mbona kimya? Mwenzio atazikwaje bila mtani? Nenda kafanye kazi yako."

Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu.

Kazi ya mtani ni kuingia kaburini na kugoma kutoka, kusudi wafiwa wacheke kidogo. Basi nikaingia. Nilitaka kusema lolote la kuchekesha, nikashindwa, nikakaa kwenye udongo nikalia kwa sauti, "Nimekuua mimi, Mwinshehe, nimekuua mimi." Na wao pale juu wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mzee mmoja, baba mdogo wa marehemu, akafuta machozi akasema, "Huyu Mnyamwezi leo kapatia." Nikaendelea kulia, wakaendelea kucheka, mpaka wakanivuta mikono kunitoa.

Sijacheza tena, wala sitacheza. Na mtu akianguka uwanjani mimi nakimbia kumshika tumbo, hata kama anajifanya, hata kama anacheka, na nyinyi mnizomee mpaka mchoke.