Maziwa ya Mwenye Kumeza Kinini

Mi sikusoma, lakini usingizi ya mutoto najua. Nilizaa kumi, na kila moja alilia mpaka ngombe za mulima ya pili zikaitika. Sasa mujukuu wangu, wa siku nane, analala kama jiwe. Unamupa ziwa, anavuta mara mbili, anaachilia. Unamutekenya chini ya muguu, hata hashituke.

Nikashuku jirani yetu wa hapa Kibabi. Alileta ndizi, akaangalia kifua ya muzazi, bibi ya kijana wangu, bila kufunga macho. Ule mama iko na jicho mubaya! Nikamufukuza na ndizi zake. Nilibakisha tu mbili, sababu zilikuwa zimeiva.

Mutoto akaendelea kulala.

Asubuhi nikakuta bibi ya kijana wangu anameza kinini, vidonge vya maumivu. Walimupasula wakati wa kuzaa, kidonda ilikuwa inamuuma.

"Hiyo ni ya hospitali?"

"Hapana, Mama. Ya kule iliisha. Hii nilinunua ku soko, kwa ule papa mwenye kuuza dawa mu kapu. Iko na nguvu."

"Unameza ngapi?"

"Mbili. Ikiuma sana, tatu."

Apo njo nikashituka. Sisi bantu ba ngombe, docteur akipiga ngombe shindano ya dawa, maziwa yake hatuuze mpaka siku yenye atasema. Ngombe tunachunga, muzazi wetu tunasahau!

"Weye, acha hiyo kinini! Tunapeleka mutoto sasa!"

"Na maumivu, Mama?"

"Utaniuma mukono na meno mu njia."

Tulipanda moto, pikipiki ya kulipa. Ile moto ilipiga kelele ya kuamsha bafu mu kaburi, lakini mutoto hakufungua jicho.

Infirmière, muuguzi wa santre ya afya, akaangalia kinini, akasikiliza kifua ya mutoto, akaacha kucheka maneno yangu ya ngombe na maziwa.

"Hii ni tramadoli, dawa kali ya maumivu. Inapita mu maziwa. Anapumua polepole sana."

Wakamuwekea oksijeni. Mama yake wakamupa dawa ingine ya maumivu. Mi nikaishika kwanza.

"Na hii? Ingekuwa ngombe, maziwa tungeuza?"

"Mungeuza, Mama. Hii haimulaze mutoto. Lakini musinunue tena ku kapu."

Kesho yake muchana, mutoto akalia. Bantu bote mu salle bakageuka. Akakamata ziwa, akavuta mpaka mama yake akasema "aii!"

"Vumilia, binti," nikamuambia.

Mi nilibakia na kidole chini ya pua ya mutoto, nasikia pumzi inaingia, inatoka.