Ubao Tuliopika Wenyewe

Hasira zangu ziko karibu, na aliyenijua miaka ya tisini atakuambia hivyo kabla hajakuambia lolote zuri. Kwa hivyo nianze na kosa langu.

Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nikapelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi karibu na Makongeni. Nilipewa Kiswahili cha darasa la tano: watoto sabini na wawili, vitabu vinne. Vinne! Ilinibidi kila kifungu cha ufahamu nikiandike ubaoni chote, watoto wasome kutoka pale. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi msichana mmoja mwembamba ambaye kila siku alinakili kwa jirani yake. Mara ya kwanza nilimwonya. Mara ya pili nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mwizi wa majibu. Aliangalia viatu vyake tu.

Wiki ya tatu mkufunzi wetu akaja kunikagua, mzee wa suti ya kahawia asiyejua kucheka. Aliketi nyuma dakika thelathini na tano, kisha akanionyesha alichoandika: ubao hausomeki. Ala! Mimi, ambaye mwandiko wangu ulisifiwa tangu darasa la pili!

"Hausomeki vipi, mwalimu?"

"Umewahi kuketi kule nyuma?" akaniuliza. Kisha akasema atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata, na nikianguka tena kwenye ubao, nitarudia mazoezi yote mwaka ujao. Nyumbani, kule Magharibi, wadogo zangu wawili walikuwa wakingoja nimalize chuo ndipo nao wasomeshwe. Mwaka mmoja kwangu ulikuwa mwaka mmoja kwao pia.

Watoto walipotoka nilienda nikaketi mahali pa yule msichana. Lo! Ubao ulikuwa umefutwa miaka mingi hadi rangi ikaisha, na mwanga wa dirishani ulipoupiga, uling'aa kama kiatu kilichotoka kwa mpiga rangi. Sikuona hata herufi moja, ila nilipojisogeza mahali pa jirani yake, nje ya mng'ao, niliweza kusoma. Aibu ilinichoma hadi masikioni. Mtoto yule hakuwa mwizi. Alikuwa haoni, na mimi mwalimu wake sikuwahi kumuuliza.

Nilimwendea mwalimu wa darasa, mama aliyekuwa amefundisha pale tangu mimi sijaanza shule, nikamwomba rangi ya ubao. Alicheka hadi akashika kiuno. "Rangi? Mwanangu, hapa hata chaki tunagawana vipande." Hakuwa mbaya. Alikuwa amebeba madarasa kama lile peke yake miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa mgeni wa muhula mmoja.

Basi nikakumbuka shule yetu ya kijijini. Kule ubao ulikuwa ukipikwa: unatwanga makaa na ule weusi wa ndani ya betri zilizokufa, unachanganya na majani ya viazi vitamu yaliyopondwa, unapaka. Niliwaambia watoto. Jumatano asubuhi walikuja na betri mifuko mizima. Nyingine zilikuwa bado zina nguvu, nikazirudisha kabla baba wa mtu hajafika shuleni kutafuta betri za redio yake. Majani tuliyapata kwa mama mmoja aliyelima kando ya reli. Wakati wa mapumziko tulitwanga, tukapaka ubao mzima, ukae ukauke hadi kesho.

Kengele ikalia. Nageuka hivi, suti ya kahawia imesimama mlangoni.

"Kesho nina mkutano," akasema. "Nimekuja leo."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mwalimu, ubao ni mbichi."

Aliugusa, akatazama kidole chake cheusi. "Nini hiki?"

"Tumeupika, ticha!" darasa zima likamjibu.

Hakucheka. "Nina shule mbili za kukagua, mtaa wa Tena na mtaa wa Donholm. Nitarudi saa nane. Nitaandika nitakachokuta."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliwaambia watoto washike madaftari yao, tukaanza kupepea. Mistari miwili mbele, wakichoka wanarudi, miwili mingine inakuja. Jasho, kelele, vumbi la makaa puani. Yule mwalimu wa darasa alikuja kuuliza kama tumerukwa na akili. Alisimama akatutazama, kisha akachukua rejista yake naye akapepea. Mpaka leo nikimkumbuka moyo wangu unamwamkia.

Saa nane ubao ulikuwa mweusi tititi, haung'ai hata kidogo. "Ticha, hii bodi ni fiti!" wakashangilia. Niliandika: *Leo darasa letu limepika ubao. Kila mtoto alileta kitu kutoka kwao.* Nikaendelea hadi chini. Mkufunzi aliyekuja kunikagua aliingia, akaenda nyuma kabisa, akajibana kwenye dawati la yule msichana, magoti juu.

"Wewe," akamwambia. "Soma."

Moyo ukanipasuka. Kati ya wote sabini na wawili! Sikuwahi kumsikia akisoma hata sentensi moja. Alisimama. Aliangalia viatu vyake kwanza, kisha akainua macho ubaoni. Akaanza polepole, akashika kasi, akasoma hadi nukta ya mwisho bila kujikwaa.

Machozi yalinitoka mbele ya mkaguzi, na sikuyafuta. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wenzake, kwa hivyo nilimwomba radhi papo hapo, mbele ya hao hao. "Mwalimu wenu alikosea," nikawaambia. "Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa haoni ubao." Mkaguzi aliandika kwenye fomu yake. Nilipita, nilipita vizuri, na ile fomu ninayo bado, alama yake ya kidole cheusi pembeni.

Lakini si fomu ninayojivunia. Ni kile nilichokiona nikizunguka kusahihisha. Jirani ya yule msichana alikuwa ananyoosha shingo kuchungulia jibu lake, na yeye, bila kuinua kichwa, akalaza mkono juu ya daftari akalificha.