Uzi Mweusi Kiunoni mwa Lamaro

Harufu ya mafuta ya kukaangia viazi ilitangulia kuingia chumbani, kisha mama akafuata. Alikuwa mpishi katika mkahawa mmoja wa Kabalagala, mtaa wa Kampala ambapo watu hula mpaka kunapambazuka, na sisi wanawe watatu tuliamshwa na harufu hiyo kabla hajavua viatu. Ilikaa kwenye nywele zake, kwenye kitenge chake, hata kwenye mto aliolalia mchana. Katika mfuko wa plastiki alituletea yaliyobaki jikoni: chipsi zilizolegea, mapaja ya kuku yenye ganda la unga, na soda ambayo mteja aliifungua akaisahau. Tulikula tukiwa bado kitandani. Baba, aliyekuwa askari polisi, alikuwa amekwisha kufariki, nasi tulikuwa tumehama kambini na kupanga chumba bondeni, chini ya maghorofa ya Bugolobi. Kwa mama, mfuko ule ulikuwa jibu kwa kila mtu aliyedhani kwamba watoto wa mjane watalala njaa.

Aliyefaidi zaidi ni Lamaro, kitindamimba wetu. Mimi na Opira, anayenifuata, tulikwenda shule. Lamaro alibaki ndani na mama aliyelala, mlango umefungwa ili asipotee, akitazama katuni kwenye televisheni huku mkono wake ukiingia na kutoka katika mfuko wa chipsi. Akawa mviringo kama boga. Majirani walimfinya mashavu na kumsifu mama, kwa kuwa Kampala, wakati ule kama leo, kumwambia mtu kwamba amenenepa ni kumpa heshima. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto mdogo vile alipumzika njiani akienda chooni, wala kwa nini alikoroma kama mzee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliyelala naye nilizisikia pumzi zile, lakini hata mimi nilidhani ndiyo sauti ya shibe.

Mama aliugua muda mfupi tu, akatutoka. Tukamzika kaskazini, kwetu Uacholi, na siku ile Lamaro hakuweza kutembea kutoka barabarani hadi bomani. Wajomba walimbeba kwa zamu. Baada ya mazishi wazee walikaa kutugawana, kama ilivyo desturi: Opira huku, Lamaro kule, mimi kwingine. Nilisimama nikasema kwamba nitaacha shule na kuwalea wenzangu mwenyewe. Wengine walicheka. Shangazi yetu, dada wa baba, ambaye kwa Kiacholi tulimwita Waya, hakucheka. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeolewa na mwanajeshi, na alisema nasi Kiswahili cha kambini. Alichomoa uzi mweusi kwenye kikapu chake, akamfunga Lamaro kiunoni, ukakaa sawasawa na ngozi. Kwetu akina mama huwafunga watoto wachanga hivyo. Uzi ukibana, mtoto anakua. Ukilegea, kuna ugonjwa au njaa.

"Mimi nakuja mvua ikiisha," aliniambia. "Kama nakuta hii kitu imelegea, nachukua mtoto. Sibishani na wewe. Nauliza uzi."

Basi masika yale niliyaishi nikiwa na uzi ule machoni. Nilipata kazi kwa mama mmoja aliyeuza mboga katika soko la Nakivubo. Nilichambua majani, nikayafunga mafungu, nikayanyunyizia maji ili yasinyauke. Opira aliendelea na shule. Lamaro sikuwa na wa kumwachia, kwa hiyo nilikwenda naye, na tulikwenda kwa miguu, tukipita kwenye maghala ya viwandani ambako hewa ya asubuhi ilinuka kahawa mbichi na matope. Siku za kwanza zilikuwa mateso. Alikaa chini kando ya barabara, miguu ameinyoosha.

"Dada, miguu imekataa."

"Iambie dada naye amekataa."

"Nibebe."

"Nikikubeba wewe, nani atanibeba mimi? Twende mpaka nguzo ile ya umeme. Tukifika, tunapumzika."

Tukawa tunatembea kwa nguzo. Kutoka nguzo hadi nguzo, kisha akawa anaruka moja bila kupumzika, kisha akawa ananingoja mimi kwenye nguzo, mikono kiunoni, akinidhihaki: "Bibi kizee, njoo!" Jioni tulirudi na mboga zilizokosa mnunuzi. Nilizipika kama mama alivyotupikia zamani, kabla ya Kabalagala: majani machachu ya malakwang yaliyochanganywa na odii, lile rojo zito la karanga na ufuta, pamoja na viazi vitamu, au maharage na ugali wa mtama. Televisheni alikuwa ameichukua mwenye nyumba kwa deni la kodi. Mlango wetu ukawa wazi, na Lamaro akashinda nje na watoto wengine wakiruka kamba iliyosokotwa kwa magamba ya migomba. Nikaanza kugundua kwamba ninalala usingizi mzuri. Mkoromo ulikuwa umekwisha.

Siku moja nilipokuwa namwogesha, uzi ukateleza chini ya kitovu. Niliupandisha, ukateleza tena. Beseni likanitoka mikononi. Nilikuwa nimemlisha kila siku, nimefanya kila nilichoweza, na sasa uzi ulikuwa unanishitaki mbele ya shangazi yangu. Nilimkimbilia jirani yetu, Mama Njeri, Mkenya aliyeuza viatu vya mitumba, mwenye jibu kwa kila jambo.

"Wewe msichana, kuwa mjanja," alisema. "Wiki moja tu ya chipsi na soda, atafura kama andazi. Ama ukaze hiyo fundo. Huyo shangazi ataenda kuuliza nani? Uzi hauna mdomo."

Nilirudi ndani nikaushika uzi, kucha zangu zikiwa juu ya fundo. Lamaro alisimama wima kama askari wenzake baba kwenye gwaride, akisubiri nimalize ili akacheze. Nilimtazama. Ngozi yake iling'aa, macho yalikuwa meupe, mapaja yalikuwa magumu. Mtoto huyu hakuwa mgonjwa. Kama ningekaza fundo, ningekuwa nimekubali kwamba nimeshindwa, wakati mwili wake wote ulikuwa unasema vingine. Nikamvalisha gauni. Fundo nikaliacha kama lilivyofungwa. Lakini kuanzia hapo kila basi lililotoka kaskazini nililichungulia madirishani nikimtafuta Waya.

Waya alikuja siku ya mvua ya mwisho. Alinikuta sokoni, kikapu kichwani, kuku mkononi, akaniambia tutafute gari. Njia zilikuwa zimejaa maji na magari yamekwama, ikabidi tutembee. Lamaro alimpokea kuku, akatangulia mbio, akafika mbali, akarudi kutuangalia, akakimbia tena, kuku akipiga kelele kwapani. Tulipofika kwenye maghala Waya alikaa juu ya jiwe, kifua kikipanda na kushuka.

"Huyu ndiyo ule mtoto tulibeba?" aliuliza.

"Ndiye, Waya."

Lamaro alirudi akamshika mkono. "Waya, usitazame mbali. Tazama nguzo moja tu. Ukifika unakaa."

Shangazi yangu alicheka mpaka akakohoa. Lakini tulipofika nyumbani hakucheka tena. Alimvua mtoto gauni, na uzi ukawa unaning'inia. Alipitisha kiganja kizima kati ya uzi na tumbo. Mimi nilisimama na Opira karibu na jiko. Waya alimfunua Lamaro kope, akamtazama ulimi, akavuta nywele zake kidogo, akamwamuru apumue kwa nguvu, akasikiliza mgongoni. Kisha akaomba chakula, akamtazama anavyokula malakwang, akimaliza na kulamba kidole.

"Anakoroma?"

"Hapana. Aliacha."

Waya alimvuta Lamaro karibu. Kisha akainama, akaukata uzi kwa meno. "Mimi nilifunga vibaya," alisema. "Nilikuta yeye amevimba, nikasema ameshiba." Alituachia odii na kuku, akaondoka asubuhi iliyofuata, sote watatu tukimsindikiza kwa miguu hadi kituo cha basi, nguzo kwa nguzo.

Sisemi kwamba umaskini ni dawa. Kuna jioni tulikunywa uji mwepesi tukalala, na hakuna mtoto ninayemtakia hayo. Wala simlaumu mama, aliyetupa kitu bora alichokijua. Ninachosema ni kwamba siku hizi mfuko ule wa Kabalagala haumngoji mama atoke kazini. Opira anaishi ghorofani, juu ya bonde lile lile letu, na wanawe wakigusa simu tu, bodaboda inaleta chipsi mlangoni. Wanapelekwa shule kwa gari, wanarudi kwa gari, wanakaa mbele ya kioo cha simu. Na mimi je? Nina duka langu la mboga Nakivubo, nakaa kwenye kiti tangu asubuhi, mchana nakula chapati iliyoviringishwa mayai kwa sababu iko karibu, jioni bodaboda inanishusha mlangoni. Wateja wananiambia nimependeza, kwamba biashara imenikubali. Ninauza mboga za majani huku mwenyewe sizili.

Lamaro ndiye aliyenishtua. Sasa ni muuguzi, mwembamba kiasi, mwepesi wa miguu. Alinipima shinikizo la damu, akanizungushia utepe kiunoni, akatikisa kichwa. Kisha akachomoa uzi mweusi mfukoni, akanifunga, ukanibana kama ulivyombana yeye zamani.

"Dada, nitarudi mvua ikiisha," alisema, akiigiza sauti nzito ya Waya. "Kama nakuta hii kitu imebana hivi, nachukua kiti chako cha dukani."

Tangu hapo ninarudi nyumbani kwa miguu. Jumamosi wana wa Opira hunisindikiza, na mdogo wao, ambaye mwanzoni alilia kwamba miguu imekataa, sasa ananingoja kwenye nguzo, mikono kiunoni. Kisha tunapika nilichobakiza dukani, na sahani zinarudi tupu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi bado tuko kwenye ufa.

Leo asubuhi nilipokuwa naoga, uzi uliteleza kidogo chini ya kitovu. Niliupandisha, ukateleza tena. Safari hii beseni halikunitoka mikononi. Mvua zinaelekea kwisha, na Lamaro amesema atakuja Jumapili. Sitabishana naye. Atauliza uzi.