Dock ya maua ilivyomkaribisha mama mkwe: launcher nilizojaribu kwenye laptop ya harusi

Wakuu, salaam aleikum, na wenye salamu nyengine pia habari zenu.

Nimekaa muda humu nawasoma tu mnavyogombania dock ipi nzuri ya kupangia ikoni kwenye Windows, utafikiri mnagombania shamba la mikarafuu la urithi. Leo na mie nna langu. Limenikuta mwenyewe, ni kweli tupu, nimebadilisha majina ya watu tu ili niendelee kupita vichochoro vya Mji Mkongwe kwa amani.

Kwa wasionijua: mie ni mwanamke, nnakaa Mkunazini, na kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi za wanawake. Ndio, DJ. Shughuli zetu mwanamume haingii, kwa hiyo lazima awepo mwanamke wa kukaa na laptop na nyaya. Ndo mie huyo.

Sasa kazi hii inataka nyimbo itoke pale pale. Akiingia mama wa biharusi nyimbo yake, wakiingia wa upande wa bwana nyimbo yao, biharusi mwenyewe qasida yake. Huna nafasi ya kufungua folda ndani ya folda huku watu wamekukodolea macho.

Kwa hiyo mie kila nyimbo nliiwekea shortcut kwenye desktop. Zikajaa mpaka picha ya nyuma ikawa haionekani. Kuna mtu humu humu (simtaji, anajijua) aliona screenshot yangu akauliza hii ni kompyuta au soko la Darajani.

Niliumia, jamani. Nikasema ngoja, ntawaonesha.

Nikaanza na launcher, programu ya kufungulia vitu haraka, ile ya kuandika. Hii unabonyeza Alt na Space, kinatokea kisanduku, unaandika herufi mbili tatu, Enter, imefunguka. Nyumbani niliipenda mno, nikajiona kama wale wataalamu kwenye sinema.

Ukumbini sasa. Mkono mmoja maikrofoni, mkono mmoja unatafuta herufi kwenye giza la taa za rangi, na pembeni yako kuna mama kakuegemea bega anataka nyimbo ambayo jina halijui, anaimba kipande. Launcher ya kuandika haijui kipande. Tena ile ina akili zake, inakumbuka ulichofungua jana inakiweka juu leo. Hodari sana ya kukumbuka, ila hukumbuka isichotakiwa.

Nikahamia ya duara. Ukibonyeza, ikoni zinajipanga kuuzunguka mshale kama watu waliozunguka sinia la pilau. Nzuri kuitazama. Lakini inataka kile kitufe cha kati cha mausi, na mie natumia touchpad. Nikajaribu kuibadilishia kitufe, ikawa inafunguka hata nikitaka kushusha ukurasa tu. Nikaifuta bila ya maneno mengi.

Ndo nikaangukia kwenye dock.

Wakuu, nisiwe mnafiki, niliipenda dock kama mtoto na nguo ya Idi. Imekaa chini ya skrini, ikoni zimejipanga, ukipitisha mshale zinavimba moja moja, ukiondoa zinajificha. Desktop yangu ikabaki nyeupee, picha ya nyuma ikaonekana kwa mara ya kwanza tangu ninunue laptop.

Nikazidisha ufundi. Nikatoa majina chini ya ikoni, nikaona maandishi yanaharibu sura. Kila nyimbo nikaipa picha ya ua. Asumini qasida ya biharusi. Kilua nyimbo ya kumkaribisha mama mkwe. Waridi za kuchezea. Langilangi nikaipa rusha roho, zile nyimbo za vijembe ambazo hupigwa mwisho kabisa, wakishabaki wenyewe kwa wenyewe.

Kilua na langilangi, zote za manjano, nikaziweka jirani. Kwa sababu rangi zilipendezana.

Haya. Ikaja harusi ya Nasra.

Nasra ni rafiki yangu wa tangu chuo, tulikaa chumba kimoja. Kwao Matemwe, kijiji cha pwani, mama yake analima mwani. Kapendwa na kijana wa Mji Mkongwe, na mama wa yule kijana, Bi Rahma, hakuitaka ndoa ile kabisa. Ukoo wao ni wa wale waliokuwa na mashamba na majumba zamani. Mashamba hayapo, majumba yanavuja, ila shingo bado iko juu vile vile. Bi Rahma alishasema mbele ya watu kwamba nyumba yake itanuka mwani.

Na Nasra akiolewa anakwenda kukaa humo humo, ghorofa ya juu ya mama mkwe. Mume mwenyewe kazi zake ni za safari, wiki yupo wiki hayupo. Kwa hiyo Nasra alikuwa anakwenda kuolewa na Bi Rahma, tuseme ukweli.

Akaniomba kitu kimoja tu. Kanambia, "Akiingia mama yao, mpokee vizuri. Nataka aanze na roho safi na mie."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nna dock.

Wenzetu wa bara nikuelezeni hapa, bila ya hivyo hamtaona ukubwa wa balaa. Kwetu sisi nyimbo inayopigwa mtu akiwa mlangoni, hiyo nyimbo ni yake. Hakuna cha bahati mbaya. Ukumbi mzima unageuka kumtazama huku unasikiliza maneno, na kila neno linahesabiwa kwamba katumiwa.

Ukumbi ulikuwa Kikwajuni, umejaa. Upande mmoja watu wa mjini, upande mmoja wanawake wa Matemwe wamevaa sare yao ya kijani. Muziki mdogo mdogo unakwenda. Mara nikapewa ishara, Bi Rahma kafika.

Kaingia na udi wake, buibui linavuliwa na watu wawili, dhahabu mpaka kwenye viwiko.

Nikashusha mshale, dock ikatoka, kilua ikavimba, nikabonyeza.

Ikaitika langilangi.

Tena si langilangi ya upole. Ni nyimbo moja inayomuuliza mama mkwe kwani mwanawe ni kanga, hata amfungie sandukuni na kafuri.

Lahaula!

Nikarudi chini niizime, dock ishajificha. Nikashusha mshale tena, ikatoka taskbar, ule mstari wa Windows wa chini, badala yake, zimepandana. Nikabonyeza, laptop ikaganda, kile kiduara kinazunguka. Kitufe cha sauti hakisikii. Spika ziko ukutani huko mbali kwenye umati. Nikafanya alichofanya kila fundi tangu dunia iumbwe, nikachomoa waya.

Lakini kiitikio kilishapita chote. Na wale wanawake wa Matemwe walishasimama. Wamefikiri nimepangwa! Wanacheza, vigelegele mpaka dari, mmoja kafunga kanga kiunoni kabisa. Waya ulipochomoka wakaendelea wenyewe kwa makofi.

Bi Rahma kasimama pale pale. Kawatazama wale, kanitazama mie. Halafu kaenda kukaa kiti chake pole pole, kakunja mikono mpaka shughuli inakwisha.

Simu huzuiliwa mlangoni kwenye shughuli zetu, kwa hiyo hakuna video hata moja. Laiti ingekuwepo! Yalibaki maneno, na maneno yakifika Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, yalishaongezwa, nikaambiwa nimeirudia nyimbo mara tatu kwa kuombwa.

Nilirudi nyumbani nikalia, nisikuficheni. Si kwa aibu ya kazi. Nilimwona kichwani mwangu Nasra kwenye ile nyumba, peke yake, mume kasafiri, na yule mama anamlipizia kila siku kosa ambalo hata hakuwepo ukumbini likitokea. Alikuwa chumbani anavishwa.

Nikaichunguza ile dock kwa hasira. Kumbe ni vitu viwili. Kwanza ikoni zikivimba zinasukuma jirani zake, kwa hiyo unapobonyeza, ulichokilenga kishasogea. Pili, dock ikiwekwa katikati, hapo chini ya skrini, kila programu inayofunguka inaongezewa ikoni yake mwishoni, na safu nzima inajivuta kando. Nyumbani nilijaribu muziki umezimwa, ikawa sawa. Ukumbini muziki ulikuwa unapiga, player, programu ya muziki, kajiongeza kwenye safu, maua yote yakahama.

Maelezo yakanipa matumaini. Nikasema ntakwenda kwa Bi Rahma na laptop, nimfungulie mbele ya macho yake, aone maua yanavyohama, ajue hakuna mtu aliyemkusudia. Sikugusa setting hata moja. Ushahidi wangu huo.

Nikaacha zipite siku, nikapika tambi, nikaenda baada ya Alasiri.

Alonifungulia mlango ni Nasra. Kuiona laptop tu akanivuta ndani, akasimama na mie chini ya ngazi.

"Umekuja kufanya nini na hiyo?"

Nikamwambia. Zoom, huko kuvimba kwa ikoni, safu kuhama, yote. Nikamwambia leo ntamsafishia jina.

Akanshika mkono. "Usithubutu," kanambia. "Wallahi usithubutu."

Kanambia alipoingia mle ndani alikaa anangojea matusi. Hayakuja. Bi Rahma anamuuliza mchuzi anaupenda vipi. Akimtuma kitu anasema tafadhali. Na siku moja kamsikia anazungumza na dada yake kwenye simu, kasema, "Huyu ana watu nyuma yake, si wa kuchezewa huyu."

"Anafikiri nyimbo ile mama na wenzake wa Matemwe walikaa wakaichagua," kanambia Nasra. "Ukimwambia ni kompyuta tu, mie ntabaki na nani humu?"

Kabla sijajibu sauti ikatoka juu. "Nani huyo, Nasra? Mwambie apande."

Nikapanda. Shikamoo Bi Rahma, marahaba, kaa. Kaitazama tambi, kaitazama laptop.

"Hiyo ndo ile?"

"Naam, ndo yenyewe."

"Kuna watu wananambia hivi vitu hukosea. Ati wagusa hiki, chaitika kile." Akanitazama machoni. "Kweli?"

Wakuu, jibu lilikuwa mapajani kwangu, limechajiwa mpaka asilimia mia. Mibonyezo miwili tu ningetoka pale nimesafika, mtu hodari, mwathirika wa programu mbovu. Nikimwacha aamini anavyoamini, basi mie ndo DJ mwenye ulimi wa upupu, na mji huu mdogo.

Nasra kasimama mlangoni na sinia la chai.

Nikasema, "Vyengine hukosea, Bi Rahma. Changu hakikosei."

Akamwambia Nasra, "Mwanangu, weka sinia ukae na wewe, usisimame." Akammiminia yeye mwanzo.

Kwa hiyo wakuu, majibu ya utafiti wangu ni haya. Launcher ya kuandika nimeibakisha kwa kazi za nyumbani, hiyo kwa kweli sina ugomvi nayo. Ya duara waachieni wenye mausi. Dock nimeifuta; anayeipenda basi azime zoom, aipange kuanzia kushoto isikae katikati, azime ikoni za programu zinazofunguka, na majina ayaache yaonekane hata kama yanaharibu sura.

Harusini nimerudi kwenye desktop yangu. Ikoni kubwa, majina kamili, auto arrange nimeizima zisihame. Zile za muhimu nimeingia Properties nikazipa Shortcut key, Ctrl na Alt na herufi moja, na Windows yenyewe inafanya, hutaki programu ya mtu. Inachelewa kidogo kuitika, lakini inaitika ulichokiita.

Kazi hazijapungua, zimezidi. Tabu ni kwamba sasa wengine wananiita pembeni wananitajia nani anaingia saa ngapi na wangependa "nikosee" nini. Nakataa. Wananicheka, wanasema najifanya.

Haya, uwanja wenu. Mnatumia ipi, na imeshakufanyieni nini mbele za watu? Yule bwana wa soko la Darajani na yeye karibu.

Ila kama kuna mtu humu anahisi anamjua Bi Rahma, namuomba kwa heshima zote asimsomee uzi huu. Mie nimeshalipokea jina baya. Nasra bado anakaa pale.