Ekari za Mzee Kipkoech

Baba yangu, Mzee Kipkoech, ana ekari sita hapa Njoro, na hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akiitaja hiyo sita. Ng'ombe pia hahesabu. Ukimuuliza ako na wangapi, atakuambia wako wachache, huku anaangalia kwingine. Hata sisi watoto wake, mgeni akiuliza tuko wangapi, jibu ni kwamba Mungu ametusaidia. Ndivyo alivyolelewa. Kwao, mtu wa kuhesabu baraka zake mbele ya watu anaziitia mkosi. Mimi Chepchirchir, kitinda mimba wake, nilishazoea.

Sasa serikali ikaleta mbolea ya bei nafuu. Kila mkulima ajiandikishe kwa chifu, aseme ekari zake, halafu msimu wa kupanda atumiwe ujumbe kwa simu wa kumwambia achukue mifuko mingapi. Siku ya kuandikishwa mimi nilikuwa Nakuru, mtoto wangu amelazwa. Laiti ningekuwepo. Karani alimuuliza mzee ana ekari ngapi, naye akajibu vile hujibu siku zote: kashamba kadogo tu. Karani alikuwa na haraka zake. Akaandika moja.

Mvua ilipokaribia, ujumbe ukaingia. Mifuko miwili. Miwili, kwa ekari sita! Tulikuwa tumeshalima zote, mbegu iko ndani ya nyumba, na hayo mahindi ndiyo chakula chetu na karo ya watoto mwaka mzima. Nilimfokea baba yangu, Mungu anisamehe. Yeye alivaa koti lake la kanisani, tukaenda depo ya mbolea kuomba warekebishe.

Aliyehudumiwa mbele yetu alikuwa Bravin. Huyo namjua vizuri, anauza simu pale stage ya matatu, na shamba lake lote ni maua mawili ndani ya mikebe mbele ya duka. Alikuwa ameandikisha ekari kumi. Watu wake walikuwa wanapakia mifuko ishirini kwa pikapu, na hata turubai halijafungwa alishaanza kutafuta wanunuzi. Ati akamuuliza baba amwekee mingapi. Damu ilinichemka, aki, nikashika ukuta nisije nikamzaba kofi.

Tulipofika dirishani, mama wa depo alitazama kompyuta yake, akasema haiwezekani kubadilisha, tungoje msimu ujao. Baba akamwambia polepole kwamba shamba ni kubwa kuliko hiyo moja.

"Kwa hivyo mzee uliidanganya serikali?"

Watu walicheka. Baba yangu ni mzee wa kanisa, miaka sabini na nne, hajawahi kuitwa mwongo na mtu.

"Mimi nilipunguza," akasema. "Yule ameongeza. Wa kuulizwa ni mimi?"

Yule mama hata hakumtazama Bravin. Aligonga muhuri, akaita anayefuata.

Tukapanda ekari moja na mbolea, nyingine moja tukairushia samadi, na zilizobaki tukapanda hivyo hivyo kwa sababu mvua haimngoji mtu. Kufika Juni, kipofu angeona mahali mbolea ilipoishia. Ekari moja kijani kizito, zingine njano, mahindi hayafiki goti. Na Bravin anapita hapo barabarani akitupigia honi!

Asubuhi moja nilimkuta baba kwenye geti, amebeba mkebe wa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mabati. Nikamuuliza anafanya nini. Akanipa brashi.

"Niandikie," akasema.

"Niandike nini, baba?"

Aliangalia kwingine.

"Ekari sita."

Nikaandika kwenye geti, kubwa, upande wa barabarani. Alisimama akaisoma, kisha akaingia ndani, na siku hiyo hakutoka hata kukamua.