Tunda Lililolala Mahali pa Baba

Harufu ya magugu ya maji yanayooza hunirudisha Dunga, ufukweni mwa ziwa, miaka ile ya tisini magugu yalipoliziba hata ungedhani ng'ombe wangeweza kulisha juu yake. Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Alitoka asubuhi kwenda kutengeneza injini ng'ambo ya ghuba, na upepo ukayasukuma magugu nyuma yake, yakaifunga njia kama mlango. Siku zikapita. Kisha wavuvi wakatuletea kofia yake, imelowa, waliyoiokota kwenye majani. Mama aliianika kwenye kamba pamoja na sare zetu za shule, kana kwamba mwenyewe angeihitaji kesho.

Kwetu, mtu akizama na mwili usipatikane, huzikwa yago, yaani tunda la mwegea, refu na zito kama paja la mtu, ili roho yake ipate pa kutulia. Desturi hiyo hungoja hadi tumaini liishe. Baba mdogo hakungoja. Alilikata, akalileta begani, akalilaza sebuleni na kulifunika shuka.

“Mama Atieno, lia basi,” alimsihi mama. “Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

“Sitalilia tunda. Lia wewe, shemeji, wewe uliyelibeba.”

Atieno ndiye mimi. Niliambiwa nisilisogelee, nikakaa mlangoni nikilitazama. Kilichonitisha zaidi ni kwamba kufikia jioni nilikuwa nimeanza kulizoea. Shuka ilishapata umbo la baba. Kama baba anaweza kuwa tunda, mimi je, ni nini? Nilijibonyeza kifua nikimtafuta Atieno humo ndani. Nilikuta moyo unaodunda, pumzi, na njaa kidogo. Atieno mwenyewe sikumwona.

Alasiri ya kesho yake baba aliingia kwa miguu yake, midomo imepasuka kwa jua. Magugu yalikuwa yameibeba boti yake hadi upande wa Kendu Bay, naye akapanda lori la mahindi kurudi. Aliinua shuka.

“Huyu ndiye mimi? Mbona mmenichagua mwembamba hivi?”

Baba mdogo alitoka mbio. Mama, ambaye siku zote hizo hakuwa amelia, akalia. Majirani wakacheka na kusema kawia ufike. Mimi nilikuwa karibu, nikamwona baba akilifunika tena lile tunda polepole, kama anayemfunika maiti.

Baadaye sana nilianza kujisomea, kwa vitabu vikuukuu vilivyotandikwa juu ya magunia kule sokoni Kibuye, katikati ya mitumba. Watawa wa Mashariki walinishauri nimtafute huyo anayeogopa ndani yangu. Nikikuta hayupo, hofu itakosa pa kukaa. Wanafalsafa wa Ulaya waliniambia kwamba hofu isiyo na jina ni mtu kukutana na utupu, na kwa kuwa hakuna atakayekufa badala yangu, sharti nichague mwenyewe nitakavyoishi. Niliwaona wote wameketi mlangoni petu, mbele ya shuka ile ile. Sisemi kwamba wanasema jambo moja. Hukutana kama barabara pale Kondele, kisha kila moja hushika njia yake: watawa hutaka nafsi iachiliwe, wanafalsafa hutaka ijengwe. Mimi bado nimesimama njia panda.

Baba alifariki uzeeni, kitandani kwake, tukamzika yeye mwenyewe. Magugu bado huja na kuondoka. Nilidhani simu zingetuponya wasiwasi. Zimeufanya uwe wa kila siku. Mama alingoja siku nyingi bila kumzika mumewe moyoni, nami dakika chache hunitosha kumzika mtu. Juzi mwanangu alichelewa, simu yake imezimwa, nikahisi shuka ile inapata umbo. Nilimtafuta anayeogopa, sikumpata, na hofu haikuondoka. Ikabaki kuchagua. Tunda bado liko mtini, nilijiambia, hakuna aliyelikata. Nikampakulia chakula chake, nikakifunika, nikaketi kumngoja.